Namba Saba kwenye Mnyororo wa Maombi

Jumatatu, 25 Agosti 1997

Daftari hili nimelichukua kazini, kwenye kibanda cha mzani cha kiwanda cha kuchambua pamba. Jaladani limeandikwa "Unyevu, 1994", na hapa Dorrance, mji wetu mdogo wa pamba, simjui binadamu anayetaka kusoma unyevu wa pamba ya miaka mitatu iliyopita. Kwa hiyo hapa ndipo pa kuandika. Nina jambo moyoni na sina wa kumwambia, na mimi kukaa kimya kunaniletea vipele.

Ijumaa iliyopita Kocha Rhonda, anayefundisha wasichana mpira wa wavu, alimaliza mazoezi akawapeleka nyuma ya ukumbi wa michezo wa shule. Huko kulikuwa na hodhi la bati la kunyweshea ng'ombe, limejazwa maji kwa mpira wa bustani. Mchungaji wetu, Lyle, alikuwa amesimama ndani, suruali kaikunja. Kocha akasema anayetaka kumpa Yesu maisha yake aingie, halazimishwi mtu. Wasichana walikuwa tisa. Wakaingia wanane. Binti yangu Delia alikuwa wa nne.

Alirudi nyumbani nywele zimelowa chapachapa. Nikamuuliza mvua imenyesha wapi, maana sisi tangu Julai hatujaona tone.

"Nimebatizwa, Mama."

"Na nani?"

Akafikiri kidogo. "Na shule," akasema.

Jumanne, 26 Agosti

Nimemhoji ndani ya gari, mahali pekee asipoweza kunikimbia.

"Uliamini?"

"Sikuamini chochote. Niliogopa benchi." Akageukia dirishani. "Klara Hruska alikataa. Alimwambia Kocha yeye alishabatizwa akiwa na siku kumi. Leo amekaa benchi mchezo mzima, na unajua Klara ndiye anayepiga kutushinda wote."

Delia ana miaka kumi na sita. Tangu ana kumi na miwili tumekuwa tukizungumza, polepole, kuhusu siku atakayoingia majini kanisani kwetu kwa mguu wake mwenyewe. Sisi Wabaptisti hatubatizi vichanga. Mtu anaamua akiwa na akili zake, na hakuna wa kumwamulia, awe mama au mfalme. Baba yangu alihubiri hilo miaka arobaini. Garland alipotaka kunioa alikwenda kwa Baba abatizwe, na Baba akamrudisha kutoka ukingoni mwa maji, mbele ya kanisa zima. "Wewe umemfuata binti yangu," akamwambia. "Ukimfuata Bwana, rudi." Garland alirudi baada ya mwaka. Ndiyo maana tulichelewa kuoana.

Sasa mtoto wangu kapitishwa kwenye maji kama ng'ombe anayepelekwa joshoni. Nina hasira.

Jumapili, 31 Agosti

Wasichana wanane wameitwa mbele, wakapewa vyeti. Kanisa lilipiga makofi. Mimi ndiye mpiga piano, kwa hiyo nilipiga piano. Mama Eula, mama mkwe wangu, alilia kwa furaha. Garland, ambaye ni shemasi, alishikwa mkono na kila mtu. Delia alikishika cheti kwa ncha za vidole.

Baada ya ibada nilimfuata mchungaji. Nilimwomba amfute Delia kwenye daftari la waliobatizwa, ili siku yake ikifika aingie kweli.

"Dada Nadine, maji ni maji. Bwana hachagui chombo."

"Aliogopa benchi, Mchungaji."

"Watu huja kwa Bwana kwa njia nyingi. Na imeshaandikwa. Nikimfuta, nitawaambiaje wazazi wa wale saba?"

Kwa hiyo njia imefungwa. Hawezi kubatizwa kwa sababu amebatizwa, na hajabatizwa.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa bodi ya shule. Amenipa kahawa na peremende. Ameniambia hakuna aliyelazimishwa, na kwamba kama shida yangu ni benchi, niongee na kocha. Nilimwambia mwajiriwa wa serikali hana kazi ya kuwapanga watoto kwenye foleni ya wokovu. Akacheka, akauliza kama pamba yetu imepasuka.

Jumanne, 9 Septemba

Lubbock, mji mkubwa wa karibu. Nilimwambia Garland nakwenda kupima macho. Ikabidi nipime kweli, na sasa nina miwani nisiyoihitaji sana.

Wakili niliyekwenda kumwona ni kijana mpole mwenye kikohozi. Amesema tutadai mawili tu: waajiriwa wa shule wasiongoze ibada ya wanafunzi, na maombi ya kipaza sauti kabla ya mechi za wavulana za Ijumaa uwanjani yakome, kwa kuwa kipaza sauti ni cha serikali. Nimemwambia mimi ni muumini, asije akanipaka rangi nyingine. Amesema hakimu atalificha jina langu. Kwenye karatasi nitaitwa Mama Fulani.

Delia amekubali kwa sharti moja: nisimwambie mtu, hata baba yake. Nimemwahidi.

Jumatano, 17 Septemba

Vitumba vya pamba vimeanza kupasuka. Jua kali. Hakuna kipya.

Jumatatu, 22 Septemba

Shauri letu limetoka gazetini. Kufikia saa tatu asubuhi kila dereva aliyepanda mzani wangu alikuwa na la kusema. "Fulani akijulikana, mpitishe kwenye mashine ya kuchambulia," alisema mmoja, nikamwandikia uzito wa gari lake kwa mwandiko mzuri kabisa.

Jioni simu ikalia. Alikuwa Joyce, namba sita.

Niueleze mnyororo. Wanawake wa kanisa letu tuko kumi na wanne kwenye orodha. Anayetaka kuombewa humpigia namba moja, mke wa mchungaji, naye humpigia namba mbili, hivyo hivyo hadi namba kumi na nne, Mama Eula. Zamani kila mtu alipitisha kwa maneno yake. Mwaka 1988 Mama Eula alilazwa kwa mawe ya nyongo, na ombi lilipofika mwisho alikuwa ameshakufa. Nyumba ikajaa vyakula vya msiba, naye akatoka hospitali akakuta watu wanagawana viti vyake. Tangu siku hiyo ni sheria: unaandika ombi neno kwa neno, unamsomea anayefuata neno kwa neno, na wa mwisho anampigia aliyelianzisha na kumsomea. Halafu husema, "Limefika kama lilivyotoka," na mwanzilishi hujibu amina. Mama Eula hajawahi kukosea hata nukta.

Ombi la leo: "Tumwombe Mungu amfichue Mama Fulani ili aaibike na shule yetu isimame."

Mimi ni namba saba. Nililiandika. Nikampigia rafiki yangu Wilma Teague, namba nane, nikamsomea.

"Amina," akasema Wilma. "Hakimu kakataza kumtafuta. Hakukataza kumwombea. Wewe unadhani ni nani?"

"Sijui," nikasema. Sikuwahi kumdanganya Wilma kabla ya leo.

Ijumaa, 26 Septemba

Amri ya muda ya mahakama ilikuwa imefika, kwa hiyo kabla ya mechi kipaza sauti kilinyamaza. Watu elfu mbili tuliketi tukisikiliza upepo. Kisha mzee mmoja upande wa mashariki akasimama, akavua kofia, akaanza Baba Yetu kwa sauti yake mwenyewe. Mwingine akasimama. Kisha wote.

Nami nilisimama, nikaisali yote, na machozi yalinitoka. Haikuwahi kusaliwa vile pale uwanjani. Hakuna aliyetuongoza wala kutupangia. Nilitaka kumshika Wilma mkono nimwambie, hii, hii ndiyo niliyokwenda kuidai. Yeye akanishika mkono, akaniinamia sikioni, macho yanang'aa.

"Natumaini yuko hapa, Fulani," akasema. "Natumaini inamchoma."

Jumatano, 1 Oktoba

Magari hamsini na sita mzanini. Vumbi. Mvua hakuna, na hatuitaki.

Jumapili, 5 Oktoba

Wameshampata Mama Fulani. Ni Ludmila Hruska.

Ukifikiria kwa akili ya Dorrance, ni hesabu nyepesi. Ni Mkatoliki, mjane, wa ukoo wa Wacheki waliokuja zamani. Binti yake ndiye pekee aliyelikataa hodhi. Na karatasi za mahakama zinasema mlalamikaji ana binti kwenye timu. Hakuna aliyekaa akafikiri kwamba aliyekataa hana cha kushtaki.

Leo ulikuwa mlo wa kuanza mavuno, pale uwanjani kiwandani. Kila mwanamke huleta chombo chake, jina limebandikwa chini kwa utepe ili kirudi kwa mwenyewe. Ludmila alileta sinia lake la mikate midogo ya aprikoti, ambayo kila mwaka huisha kabla ya nyama. Leo foleni ilifika kwenye sinia ikalipita. Watu mia na zaidi. Alisimama nyuma ya meza na kijiko mkononi, anamtazama kila mtu usoni, na kila mtu alikuwa na shughuli na sahani yake.

Foleni ikanifikisha mimi. Nyuma yangu alikuwa Wilma, mbele yangu Mama Eula. Ludmila akasema, "Nadine, wewe unaipenda."

Nikachukua maharage.

Jumatatu, 6 Oktoba

Siwezi kula.

Ijumaa, 10 Oktoba

Ludmila alipita kibandani kuniletea koti la Garland alilolishonea zipu. Alikaa juu ya ndoo.

"Jambo la kuchekesha," akasema, wala hakucheka, "ni kwamba maombi hayanisumbui. Sisi tunaomba hata kabla ya kuchinja nguruwe. Klara alikataa hodhi kwa sababu Padri angemkoromea. Yamekwisha. Sikushtaki mtu. Nawaambia, na wananiambia, 'Ndiyo, Bi Hruska,' kama wanamwambia mtoto."

"Wataacha," nikasema.

"Lini?"

Nilijidai natafuta kalamu.

Jumanne, 14 Oktoba

Usiku watu walileta hodhi la ng'ombe wakaliweka mbele ya mlango wa Ludmila, wakalijaza maji hadi mdomoni. Mlango ukagoma kufunguka. Asubuhi alitokea dirishani, mwanamke wa miaka hamsini na minane, mbele ya basi la shule.

Garland alisikia akiwa mezani. Akaweka uma chini. "Upuuzi," akasema, akachukua lori, akaenda kulimwaga na kulibeba peke yake. Limeharibu mgongo wake. Nilikuwa naanza kumwona mume wangu kama mmoja wao tu. Sasa sijui nimwoneje, maana aliporudi alisema, "Lakini naye kama ni yeye, alitegemea nini?"

Sahani niliyokuwa naosha ilinitoka mikononi. Delia akaokota vipande, hakunitazama.

Alhamisi, 16 Oktoba

Kocha Rhonda amekuja mzanini na gari la pamba la kaka yake. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Ana uso wa mtu asiyelala.

"Dada Nadine, wewe ni mtu wa haki, nikuulize. Mama yangu alikuwa mlevi. Kocha wangu ndiye aliyenipeleka kanisani. Bila yule mwanamke ningekuwa kaburini. Nimefanya nini kibaya? Niliwapenda wale watoto tu."

"Ulimweka Klara benchi."

"Nilimweka kwa sababu hakuwa na roho moja na wenzake." Gari lilikuwa linanguruma juu ya mzani. "Sikuwaza hivyo wakati ule," akasema. "Niliona tu kwamba anatuharibia."

Hakuwa anasema uongo, na hilo ndilo lililonichosha. Nilijiandalia shetani, akaja mtoto wa mlevi mwenye huruma. Bado simtaki na hodhi lake.

Jumanne, 21 Oktoba

Mawingu kaskazini. Yamepita.

Jumapili, 26 Oktoba

Chakula cha mchana kwa Mama Eula. Ana miaka themanini na mmoja na bado anakata kuku mwenyewe. Mazungumzo ni yale yale. Mimi nilikuwa nahesabu maua kwenye kitambaa cha meza.

"Kinachoniudhi si kesi," akasema Mama Eula. "Mtu akiona serikali imemkosea, aende mahakamani, ndiyo kazi yake. Kinachoniudhi ni kujificha. Mwenye haki hajifichi. Kama ni yule Hruska, aseme 'ni mimi'. Nitamkasirikia, halafu nitampelekea pai."

"Na kama si yeye, Bibi?" Delia akauliza.

"Basi yupo mtu mahali fulani anayekula chakula chake cha Jumapili huku mwenzake anapigwa. Nipitishie mchuzi, Nadine."

Nikampitishia mchuzi.

Jumatano, 29 Oktoba

Mnyororo tena. "Tumwombee Bi Hruska atubu." Joyce kanisomea, nimeandika, nimemsomea Wilma. Sikubadilisha hata neno. Mimi mwenyewe nimelipeleka jina la Ludmila kwenye nyumba nyingine, kwa mdomo wangu, na nikasema amina.

Jumatatu, 3 Novemba

Mbele ya nyumba ya Ludmila kuna kibao: inauzwa. Wateja wa kushona hakuna tena. Anahamia kwa dada yake kusini, Jumamosi ya tarehe kumi na tano. Klara atamalizia shule huko, mahali asipojua mtu.

Nimempigia wakili kutoka simu ya posta ya mji wa pili. Nimemwambia nataka kusema. Amekohoa, akasema, "Ukisema, Bi Pruitt, siwezi kukulinda tena. Na kumbuka huyo anayeitwa Fulani si wewe tu. Ni binti yako."

Basi. Nikisema nimemvunjia mwanangu ahadi. Nikinyamaza nimemfukuza mjane mjini. Kila upande ninaogeukia nimeshika shingo ya mtu. Nimekaa kwenye gari hadi kioo kikaingia ukungu.

Alhamisi, 6 Novemba

Mechi ya mwisho ya msimu, nyumbani. Ukumbi umejaa. Klara kwenye benchi, koti begani, peke yake. Wenzake wameacha nafasi ya watu wawili kati yao na yeye. Ludmila juu kabisa, karibu na mlango wa dharura, naye amezungukwa na viti vitupu.

Seti ya tatu, tunalingana, zamu ya Delia kuanzisha mpira. Aliudundisha mara mbili. Kisha akauweka chini, taratibu, akatoka uwanjani, akaenda akaketi kwenye ile nafasi, bega kwa bega na Klara.

"Pruitt," akaita Kocha. "Delia. Delia, rudi."

Delia akatikisa kichwa. Ukumbi mzima ulisikia kiatu cha mwamuzi. Tulipoteza mchezo.

Kwenye gari nilingoja hadi tumepita taa za mji.

"Sema, Mama," akasema.

"Watajua ni wewe."

"Mimi najua ni mimi. Niliingia kwenye lile hodhi macho nimeyafumba kwa sababu niliogopa benchi. Leo nimekaa benchi. Ni mbao tu." Akafuta pua kwa mkono wa koti. "Klara hakuniuliza hata kwa nini. Alinisogezea koti lake."

Ijumaa, 7 Novemba

Redio inasema mvua Jumapili. Kila mashine wilayani iko shambani.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimeandika haya saa kumi alasiri, mezani jikoni, simu iko karibu na kiwiko changu. Nataka niyaandike kabla sijasahau ni nani alisema nini.

Saa nne asubuhi nilimpelekea Garland chakula shambani. Alizima mashine ya kuvunia, akashuka, vumbi hadi kwenye kope. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Nilimwambia yote, Lubbock, miwani, wakili, Delia. Alisikiliza akiwa ameshika mkate bila kuufungua.

"Ungeniambia," akasema mwishowe.

"Ungenikubalia?"

"La."

"Ndiyo hivyo, Garland."

Akatazama pamba iliyobaki, karibu nusu ya shamba. Nikadhani atanifukuza. Nilikuwa nimeshaweka nguo zangu chache kwenye mfuko.

"Baba yako aliponirudisha pale majini," akasema, "watu walicheka. Mjomba wangu alicheka. Nilimchukia yule mzee mwaka mzima. Nilikuwa nalala namtukana." Akakwangua udongo kwenye kiatu. "Niliporudi kwake nilikuwa nimeshajua kwa nini nakuja. Sikuwahi kumwambia mtu kwamba alifanya sawa. Hata yeye sikumwambia." Akapanda mashine. Kabla hajaiwasha akasema, "Nimekukasirikia sana, Nadine. Usidhani sijakukasirikia." Kisha ikanguruma, akaenda zake na safu ya pamba.

Nikarudi nyumbani. Delia alikuwa amekaa kwenye ngazi za jikoni, amevaa viatu, kama mtu anayengoja kusafiri. Nikachukua kipande cha karatasi, nikaandika, nikafuta, nikaandika. Saa saba kasoro nikampigia mke wa mchungaji, namba moja.

"Nina ombi la mnyororo," nikamwambia.

"Ngoja nichukue kalamu, Dada."

Nikamsomea: "Mwombeeni Ludmila Hruska, ambaye hakushtaki mtu, na ambaye tumemtenda vibaya. Mwombeeni Nadine Pruitt, namba saba, ambaye ndiye Mama Fulani, na ambaye alinyamaza. Mwombeeni binti yake Delia, ambaye bado hajabatizwa."

Nilisikia kalamu inaandika, kisha ikasimama.

"Dada Nadine, hili siwezi kulipitisha," akasema.

"Sheria inasema neno kwa neno."

"Najua sheria inasema nini." Akavuta pumzi. "Nisomee tena sentensi ya mwisho."

Baada ya hapo ni kungoja. Kwa kawaida ombi hunifikia mimi baada ya robo saa. Robo saa ikapita. Nusu saa. Delia akaingia akaosha kikombe safi. Nikajua limekatika, limekufa kwa namba mbili au tatu, na sasa wanapigiana nje ya mnyororo, wakisema ya kwao.

Simu ikalia. Ilikuwa sauti ya Joyce, namba sita, kavu kabisa.

"Nadine. Nina ombi." Akaanza kunisomea. Alipofika kwenye jina langu aliruka neno, akarudia sentensi tangu mwanzo, kwa sababu ndivyo sheria inavyosema. Nami niliandika, neno kwa neno, kana kwamba silijui. Alipomaliza hakusema amina. Alikata.

Sasa zamu yangu. Nikampigia Wilma.

"Wilma, nina ombi."

"Soma."

Nikasoma. Nikasikia redio yake, bei za pamba.

"Miezi miwili," akasema Wilma. "Kila Jumatano nakuambia mambo yangu. Pale uwanjani nilikushika mkono."

"Ndiyo."

"Mimi niliomba ufichuliwe, unajua? Kwa jina la Yesu, kwa magoti yangu." Kitu kilianguka upande wake, labda kiti. "Soma tena. Sikuandika mwisho."

Nikasoma tena. Akakata. Sikujua atafanya nini na ile karatasi.

Ikapita saa moja na dakika ishirini. Baada ya Wilma walibaki wanawake sita. Niliwafikiria mmoja mmoja, majikoni mwao, wamesimama na lile jambo mkononi. Delia alikaa mbele yangu, kidevu juu ya meza.

Saa tisa na nusu simu ikalia.

"Nadine," akasema Mama Eula. Akaanza kusoma. Husoma taratibu, kidole juu ya karatasi, na husoma nukta pia, husema "nukta". Alimtaja Ludmila Hruska, ambaye hakushtaki mtu. Nukta. Alinitaja mimi, namba saba. Alisoma "ambaye alinyamaza", hakuongeza wala hakupunguza. Nukta. Alimtaja mjukuu wake, ambaye bado hajabatizwa, na hapo tu ndipo karatasi ilipochakarika mkononi mwake. Hakuna neno lililobadilika. Wanawake kumi na tatu walikuwa wamelisema kwa midomo yao.

"Limefika kama lilivyotoka," akasema.

"Amina," nikasema.

Hakukata.

"Jumapili ile, pale mezani kwangu," akasema, "sikujua kwamba nakuambia wewe."

"Najua, Mama."

"Ungeniambia, ningekukasirikia. Halafu ningekupelekea pai." Nikasikia anaikunja karatasi. "Sasa sijui kama nitakupelekea pai." Ndipo akakata.

Delia akauliza limefika vipi. Nikamwambia limefika zima. Akalaza kichwa mezani, akalia kwa mara ya kwanza tangu Agosti.

Jumapili, 9 Novemba

Mvua. Garland alimaliza safu ya mwisho alfajiri.

Jana jioni nilipika nyama na viazi, nikapeleka kwa Ludmila. Alifungua mlango nusu. Nilimwambia mimi ndiye. Alisema ameshasikia, kutoka kwa watu wanne, wa kwanza akiwa Wilma, ambaye alikwenda kwa miguu. Kisha akasema, "Ulichukua maharage, Nadine." Alikipokea chombo, akafunga mlango.

Leo asubuhi nimekikuta kwenye ngazi zetu. Nilidhani amekiosha. Nilipoinua kifuniko kilikuwa kimejaa, hakikuguswa, mvua imeingia pembeni. Utepe wenye jina langu upo palepale chini.

Tulikwenda kanisani. Piano ilikuwa imefunguliwa, na Joyce ameshaketi mbele yake. Anapiga vibaya, anaharakisha. Mchungaji hakutusalimu. Mashemasi hukaa mbele, kiti cha Garland kilikuwa kinamngoja, na watu waligeuka kumtazama ataenda wapi. Alitembea nasi hadi safu ya mwisho, mgongo unamuuma, akaketi upande wangu wa kushoto. Delia upande wa kulia.

Kibao cha Ludmila bado kipo, zimebaki siku sita. Kesho nitapika tena nimpelekee.